Vioo vya Kilonge

Wiki iliyopita kijana mumoja alifika na pikipiki kutoka upande wa Wamaza, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasimama mulangoni pa duka langu hapa Kasongo akauliza kama muzee Amisi bado ni muzima. Nikamuambia, "Huyu unayemuona anapima chumvi ni nani, muzimu?" Akacheka, akavua kofia, akasema yeye ni mujukuu wa Mama Kalonda wa Kilonge, na bibi yao amefariki, wamemuzika Jumapili. "Familia inakuomba, Babu. Siku ya kumaliza matanga wewe njo useme mbele ya watu. Bibi alikuwa anatuambia kila mara: iko kijana wa Kasongo, mwislamu, aliharibu vioo vya musungu kusudi sisi tusihamishwe. Wewe njo ulitutetea." Nilimupa maji, nikamupa kiti, nikamuambia nitakuja. Alipoondoka nilishindwa kumaliza kupima ile chumvi. Mimi sikusoma. Nilikaa chuo cha Kurani miaka mitatu, na herufi za kizungu nilijifundisha mwenyewe nikiwa mutu muzima, juu ya magunia ya sukari, kwa hiyo anayetaka Kiswahili cha walimu akatafute pengine; pale wao wanasema ndiyo, sisi tunasema njo. Lakini ule mwaka wa Kabambare ninaujua, na waliobaki kuujua ni mimi peke yangu. Jambo lenyewe lilikuwa hili: kijiji kizima, nyumba kama thelathini, kibaki mahali pake au kiondolewe, na jibu lilikuwa ndani ya mikia ya inzi, na mikia hiyo niliitengeneza mimi kwa mikono hii.

Habari za baba na mama yangu sitaziandika, hazina kazi hapa. Nianzie barazani karibu na soko la Kasongo, nilipokuwa nashona kofia. Nilikuwa na umri wa kuoa, ndevu zimeshatoka, na kofia zangu zilikuwa zinatafutwa mpaka Nyangwe, kwa sababu matundu yangu yalikuwa madogo na yote sawa. Ni wakati wa Wabelgiji bado. Siku moja alipita musungu mwembamba, shingo ndefu, watu walikuwa wamemubandika jina Bwana Mainzi kwa sababu kazi yake ilikuwa inzi tu, hana habari na pamba wala dhahabu. Akaokota kofia yangu, akatoa lensi mufukoni, akayatazama matundu moja moja. Akauliza nani ameshona. Nikasema mimi. "Bila miwani?" Nikamuambia, "Miwani ya nini, Bwana? Mimi ninaona." Basi akatoa kichupa, akamutoa inzi ndani yake, mbung'o yule anayeleta malali, ule ugonjwa wa kulala, akanipa sindano mbili. "Toa muguu wa nyuma. Mabawa yasiguswe." Nikautoa, nikauweka juu ya ukucha wangu, nikamupa. Rafiki zangu barazani walinicheka: "Amisi, umekuwa muchinjaji wa mainzi, tutakuja kununua paja!" Wiki iliyofuata nilipanda kamyo kwenda Kabambare. Wakati ule kijana wa dini yetu asiye na shule hakuwa na nafasi kwenye meza ya wazungu, na mimi nilikuwa nimepewa meza. Hilo lilinitosha. Sikuuliza nitakula wapi wala na nani.

Meza yenyewe ilikuwa katika chumba cha matofali nyuma ya dispansari, dirisha moja kubwa, kuta zimepakwa chokaa, na harufu ambayo mpaka leo nikiisikia kwa mutu anayechomwa sindano ninageuka nyuma. Ilikuwa harufu ya alkoli, na juu yake karafuu, na chini yake kitu kama kwato iliyochomwa. Upande wa pili wa ukuta kilikuwa chumba changu cha kulala, kitanda cha kamba, mukeka wa kuswalia, birika. Usiku nililala na ile harufu, asubuhi niliikuta inaningoja. Kazi ninaweza kuifanya hata leo kama macho yangekubali. Inzi anakuja ndani ya kichupa cha alkoli, amekauka mugumu. Unamutazama kama ni dume, maana jike hatakuambia kitu. Dume njo ana kifundo chini ya mukia, kimekunjwa sawa ngumi. Kile kifundo unakikata kwa kipande cha wembe kilichofungwa kwenye kijiti. Unakilaza ndani ya maji ya potasi siku nzima, nyama yote inayeyuka, linabaki ganda tu, rangi ya chai. Hapo unaikunjua ile ngumi kwa sindano, polepole, unashika pumzi, na ndani yake unakuta mikono miwili midogo, kwa maana dume anaitumia kumushika jike. Baada ya potasi ni kuosha, na baada ya kuosha inaanza safari ya alkoli: kisahani cha kwanza nyepesi, cha pili kali kidogo, cha tatu kali, cha ine kali kabisa, ili maji yote yatoke ndani ya ganda. Kisha mafuta ya karafuu, ganda linakuwa kama kioo. Mwisho unalilaza juu ya kipande cha kioo, unaweka tone la gundi ya muti wa nchi za baridi, rangi ya asali, na kifuniko chembamba ambacho ukikohoa kinaruka. Bwana Mainzi aliweka vioo viwili chini ya mikroskopu akaniambia, "Wewe angalia muzuri." Nikaona. Inzi wa muto, mikono yake imeachana, katikati iko ngozi nyembamba yenye mupasuko. Inzi wa pori, mikono yake imeungana katikati, kama mutu aliyebandika viganja. Kwa macho matupu hawa wawili ni ndugu, na alkoli ikishafyonza rangi ya miguu yao huwezi kuwatenganisha. Lakini kwa serikali walikuwa vitu viwili. Inzi wa muto anakaa kwenye kivuli cha maji, kwa hiyo kijiji chenye inzi wa muto watu walikata vichaka kisimani na kwenye kivuko, basi, wakaendelea kuishi. Inzi wa pori anamufuata mutu mpaka shambani, na pori huwezi kulikata lote. Kijiji chenye inzi wa pori kiliondolewa.

Nilikuwa fundi muzuri, na nilikuwa peke yangu kama kidole kilichokatwa. Pale dispansari kulikuwa na infirmie mumoja, muuguzi, jina lake Anselme, mutu wa misioni, muchekeshaji, soksi mpaka magotini. Yeye na wenzake walikula pamoja barazani saa sita, nyama ya porini na pombe ya ndizi, na mimi niliwasikia kupitia dirisha. "Muite na Amisi!" "Yule hali nyama yetu." "Basi apewe inzi, wako wengi." Wanacheka, na mimi mwenyewe wakati mwingine nilicheka upande wa ndani, maana Anselme alikuwa anajua kusema. Lakini nilikula peke yangu, muchele na maharage, nikiwa nimeelekea ukuta. Nilijiambia: wewe una watu wako, ngoja Ijumaa. Kabambare ina waungwana, waislamu wa zamani, kama Kasongo, ina musikiti, na wiki za kwanza walinipokea kama ndugu. Halafu siku moja katika safu, mutu wa kulia kwangu akavuta pua, akasogea. Wa kushoto akasogea. Mwalimu wetu wa chuo kule Kasongo alikuwa ametufundisha bega kwa bega, na mimi nilisujudu pale na nafasi ya mutu muzima huku na huku. Nikatoka wa mwisho. Mwalimu wa musikiti, muzee mwenye sauti ndogo, akaniita kando. "Amisi, mutoto wa Kasongo, hapa watu wanasema unakunywa."

"Sinywi, Mwalimu. Ni dawa ya kutunzia mainzi."

"Mimi najua. Lakini pua za watu hazijui. Kila kinachotoka ndani ya ile dawa kioshe na maji, mara tatu, halafu wewe mwenyewe oga, vaa nguo nyingine, njo ukuje kuswali."

Yeye alikuwa anasema juu ya mikono yangu na shati langu. Sikuelewa hivyo. Nilielewa kama mutu aliyesukumwa nje ya safu anavyoelewa: kwamba kila kitu ninachokigusa kina uchafu, na maji yatanirudisha kwa watu. Niliweka hilo neno moyoni, na bado sijalitumia, Bwana Mainzi akanituma Kilonge.

Kilonge ilikuwa nyuma ya Wamaza, siku nzima kwa muguu, kijiji cha Wabangubangu kando ya kijito, muhogo, mupunga, na michikichi iliyopandwa na watu ambao hakuna aliyewakumbuka majina. Malali ya kulala ilikuwa imeshaingia, makaburi mapya yalionekana. Nilitumwa kukamata inzi majuma mawili. Namna ya kuwakamata ni hii: unajifunga kaniki nyeusi mugongoni, kwa sababu mbung'o anapenda kitu cheusi kinachotembea, unapita porini polepole, na mwenzako anafuata nyuma na wavu. Mwenzangu alikuwa ndugu ya sultani wa kijiji, muvivu sana, alikuwa ananiacha niumwe kwanza. Nilifikia kwa mujane mumoja, Mama Kalonda, alinizidi miaka kama kumi, ana watoto wawili, Kalonda na mudogo wake wa kike. Siku ya pili nikiwa nimelala nyumbani muchana, shingo imevimba kwa kuumwa, niliwasikia wanawake jikoni, ukuta ni wa fito tu.

"Mwanaume muzima na ndevu zake, wamemuvalisha kaniki, anatembea kuuza damu kwa mainzi!"

"Labda kwao wanawake wamemukataa."

"Mukatae wewe. Mimi nimemuona mikono yake. Ile mikono inaweza kutoa muiba kwenye jicho."

Huyo wa mwisho alikuwa mwenye nyumba. Nilijifanya nimelala, lakini nilitazama mikono yangu. Jioni alileta kuku muzima na kisu, akaviweka mbele yangu. "Chinja mwenyewe, halafu usinambie tena chakula changu kichafu." Nikachinja. Akapika na mawese, akaleta ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaweka sahani moja kubwa katikati, akakaa, watoto wakakaa, akanitazama. "Unangoja nini? Mbelgiji aje akukatie?" Nikanawa nikaingiza mukono. Nilikuwa na miezi mitano sijala na mutu. Kalonda, akiwa na miaka kama sita, aliminya tonge akaniwekea upande wangu wa sahani, kama mutu anavyofanya kwa mugeni, na mimi nikainama nikijifanya natafuta mufupa.

Nyuma ya nyumba, chini ya muchikichi, alilala bwana yake. Alikufa na ile malali: kwanza alikuwa anasinzia akila, halafu anasinzia akisimama, mwisho akawa anamupiga bibi yake bila kumujua. Mama Kalonda alikuwa anamusemesha. Asubuhi akitoka na jembe anapita pale anasema, "Tunaenda shambani, mutoto amepona kikohozi," hivyo tu, bila kusimama, kama mutu anavyosema na mwenzake aliye ndani. Siku ya mwisho kabla sijaondoka aliniuliza mbele ya vichupa vyangu, "Sasa hawa unaenda kuwauliza nini?" Sikumuficha. Nilimuambia habari ya mikono ya inzi, ya muto na ya pori, na nini kitafuata. Alisikiliza mpaka mwisho, sindano yangu moja iko kidoleni mwake, anaigeuzageuza. "Kwa hiyo mukia wa inzi njo utasema kama ninabaki na bwana yangu, ao ninamuacha hapa peke yake?"

"Njo vile, Mama."

"Basi uwatengeneze muzuri," akasema, akanirudishia sindano.

Nilirudi Kabambare na madume kumi na saba. Nikayatia potasi, na siku ya pili nikayakunjua mbele ya lensi. Wa kwanza, mikono imeungana. Wa pili, imeungana. Nikajiambia ni wawili tu. Nilipomaliza, kumi na wawili walikuwa wa pori na watano wa muto, na dunia nzima aliyejua hilo ni mimi. Bwana Mainzi alikuwa safarini. Niliendelea na kazi kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono. Hapo nilikumbuka neno la Mwalimu, nikalifanya. Nilipowatoa kwenye alkoli ya ine, ile kali kabisa, niliwaosha na maji ya birika mara tatu, nikawakausha na karatasi, nikawapitisha kwenye karafuu, nikawafunika na gundi. Vioo vya Kilonge njo vilikuwa vya kwanza kuoshwa hivyo. Vilipendeza. Nikaoga, nikabadilisha nguo, nikaenda musikitini, na wa kulia kwangu hakusogea. Niliswali nikiwa na furaha ya mutu aliyerudishiwa nyumba yake. Siku ya ine baada ya pale, vile vioo vyote kumi na saba vilikuwa vyeupe. Kila tone la gundi limegeuka maziwa, na ndani ya maziwa hakuna mikono, hakuna kitu.

Bwana Mainzi aliporudi alikuwa na homa, macho mekundu, koti begani wakati jua linawaka. Alitazama kioo cha kwanza, cha pili, cha tatu. "Umenipa maziwa," akasema. Akaniuliza nimefanya nini, nikamueleza kila kisahani, nikafika kwenye birika. Alianza kucheka, halafu akaacha. "Maji! Siku ine tunatoa maji, wewe unarudisha maji!" Akakaa. Anselme alikuwa amesimama mulangoni na daftari lake, hakutaka kupitwa. Musungu akasema, siyo kwa hasira, na hiyo njo ilikuwa mbaya zaidi: "Bila vioo siwezi kuandika kitu. Nitaandika haijulikani. Tutangoja kiangazi kingine, tutakamata tena." Nilisikia vizuri. Mwaka muzima. Mwaka muzima Mama Kalonda anapita na jembe chini ya muchikichi anatoa habari za mutoto. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza nilikuwa nimekuzoea tayari. Lakini aliongeza. "Si kosa lako, ni langu. Mikono ya kofia ni ya kofia. Mwisho wa mwezi rudi Kasongo." Na Anselme pale mulangoni akasema kwa sauti ya chini, "Fundi wa kofia," akacheka kwa pua.

Nikasikia mudomo wangu unasema, "Vinaweza kurudishwa."

Musungu akainua kichwa. "Namna gani?"

"Nitayeyusha gundi na ile dawa yako ya kusafishia vioo. Nitawatoa, nitawarudisha kwenye alkoli kali, nitawafuatisha njia upya. Bila maji."

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Ukikosea tundu kwenye kofia, unafumua mpaka fasi ulipokosea, unashona tena."

Musungu akasugua macho yake mekundu. "Inachukua majuma," akasema. "Mikono yangu sasa inatetemeka, mimi siwezi." Nikamuambia, "Yangu haitetemeki." Wasomaji wangu, nimeishi miaka mingi, nimefukuzwa na kuporwa katika vita, nimejenga duka hili mara tatu, na sijasema tena neno lililonigharimu kama lile. Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyenitisha. Kama kungekuwa na fimbo ningeandika fimbo.

Majuma matatu nilikaa kwenye ile meza. Gundi inalainika polepole, ukiharakisha kifuniko kinavunjika na kinamukata inzi, na nilivunja vine. Wale kumi na watatu niliwatoa mumoja mumoja, kila mumoja mudogo kuliko mbegu ya mulenda. Sikuosha kitu tena. Vidole vilikuwa ndani ya alkoli tangu asubuhi, ngozi imepasuka, na mukate niliokula ulikuwa na ladha ya karafuu. Ijumaa sikwenda musikitini. Niliswali chumbani kwangu, na hata pale, peke yangu, nilisikia kama kuna mutu anasogea. Mwalimu alimutuma mutu kuniulizia, nikasema aambiwe ninaumwa. Anselme alikuwa anapita dirishani: "Maziwa yameganda, fundi? Tulete sukari?" Katika siku zile zote, niseme kweli, Kilonge haikunijia kichwani. Nilikuwa namufikiria Anselme. Nilikuwa namufikiria musungu akiinama juu ya mikroskopu. Mutu akiwa peke yake siku nyingi anaanza kufanya kazi mbele ya macho ya watu asiowapenda, kwa sababu wao njo wako karibu.

Vilipokauka nilivipanga kwenye trei ya mbao nikavipeleka. Bwana Mainzi alikaa navyo kutoka asubuhi mpaka saa sita, anachora, anaandika, anageuza kile kioo cha chini kinacholeta mwanga. Nilisimama. Alipomaliza aliondoa jicho, akasugua shingo, akasema, "Inzi wa pori. Wengi." Halafu akaniita nitazame, na mimi nikainama nikaiona ile mikono imeungana, safi, kila unywele mahali pake, hakuna hata kipovu kimoja cha hewa. "Amisi," akasema, "hii ni kazi muzuri kupita yangu." Na Anselme alikuwa pale, na hakucheka. Nilifurahi. Neno hili njo gumu kuliko yote niliyoandika hapa: nilifurahi, muchana ule wote nilitembea Kabambare kama mutu aliyeoa. Ilikuwa jioni, nikimwaga visahani, ndipo nilimuona Mama Kalonda anageuza sindano kidoleni, nikakaa chini pale pale kwenye saruji yenye maji.

Barua ya serikali haikukawia sana, lakini yale majuma matatu yangu na mengine ya kungoja sahihi yalitosha mupunga wa Kilonge ukomae. Walivuna. Halafu askari na kapita, musimamizi wa serikali, wakafika, watu wakang'oa milango, wakabeba vinu, kuku, mikeka, wakashuka mpaka kwenye barabara, mahali palipopimwa na kamba, nyumba zimepangwa mustari mumoja kama maduka. Nilitumwa kule na wavu, kuangalia kama inzi wamewafuata. Sikutaka kwenda, nikaenda. Nilidhani watanigeuzia mugongo, na nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo, hata nilitembea polepole ili wapate nafasi ya kuniona na kuondoka. Badala yake wanawake walipiga vigelegele. Ndugu wa sultani, yule muvivu, alinishika mukono mikono miwili. Mama Kalonda alitoka nyumba ya tatu, majani ya paa bado mabichi, akanivuta ndani kwa shati.

"Anselme alipita hapa kupima watu shingo juu ya ile malali," akasema. "Alituambia habari yako, anacheka. Eti Amisi wenu amemupa musungu maziwa pahali pa mainzi, ameharibu kazi nzima. Yeye alifikiri ni mucheko. Sisi tulielewa." Akapunguza sauti. "Uliharibu juu yetu, kusudi tubaki."

Niliinua macho nikatazama yale majani mabichi ya paa.

"Walisema kama ni inzi wa pori tutatoka mbele ya mavuno. Tumetoka na mavuno. Na mimi nilipata siku za kumuaga bwana yangu, nikamueleza tunaenda wapi, kila siku kidogo, mpaka akazoea." Macho yake yalikuwa makavu. "Wamekufukuza kazi juu ya hiyo?"

"Hawakunifukuza, Mama."

"Wamekupiga?"

"Hapana."

"Mungu mukubwa," akasema, akashika magoti yangu yote mawili, na akaenda jikoni.

Mutu ataniambia: muzee, ulifanya vizuri, watu wale walipona. Ni kweli. Pale barabarani malali ilipungua, Kalonda akaota ndevu akazaa huyu kijana wa pikipiki. Sibishi. Lakini sikuvifumua vile vioo ili mutu apone. Nilivifumua juu ya neno la kofia. Na baadaye, nikiwa na duka, nikiwa na bibi na watoto, kila mavuno ulikuja kwangu mufuko mumoja wa muchele kutoka kule barabarani, hauna barua, na mimi niliupokea, nikarudisha chumvi na nguo za watoto, tukawa hivyo miaka yote, ndugu kwa kitu ambacho sikukifanya. Yule kijana wa pikipiki nilipomuambia juzi jambo hili kwenye simu alisema, "Babu, usiseme hiyo pale. Wazee wanafurahi kukuona." Nitaenda na karatasi hizi, na nitazisoma mbele yao, wakitaka wasitake. Miaka hii yote nilikuwa na nafasi ya kusema mbele ya mutu mumoja tu, na huyo hayupo.

Siku ile aliporudi kutoka jikoni alikuwa na sahani kubwa ya muchele mupya, mwekundu kidogo, unatoa moshi, na ndakala, wale samaki wadogo, wa kukaanga pembeni. Majirani waliingia, wakajipanga kuzunguka, mabega yanagusana na yangu huku na huku, mutu mumoja akaegemea goti langu kabisa kama goti lake. Ilikuwa imepita miezi tangu nile na watu. Wote walingoja mimi nianze. Ningeweza kusema pale kwamba vioo nilivirudisha mwenyewe, kabla sijaingiza mukono. Nilikuwa nimefungua mudomo.

"Kula, baba," Mama Kalonda akasema. "Huu ni wa kwako."

Nikala. Nilikula mpaka upande wangu wa sahani ukawa mweupe, nikaomba aniongezee.